Kwa Nini Inauma? Homoni, Mishipa ya Fahamu na Maumivu ya Akina Mama

   Kama una sufuria jikoni ipunguzie moto kwanza, maana leo nataka unisikilize vizuri.

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya maumivu. Sisemi maumivu ya kuvunjika mguu au ya kuungua na mafuta ya viazi. Nasema yale ambayo mwanamke huambiwa kila siku kwamba ni ya kawaida: maumivu ya hedhi, uchungu wa kuzaa, na lile tumbo linalokatakata baada ya kujifungua. Huku kwetu pwani mengi ya haya tumeyapa jina moja, chango. Msichana akilalamika, "ni chango hilo". Mzazi mwenye mtoto wa siku mbili akilalamika, "ni chango hilo". Na dawa yake mara nyingi huwa neno moja tu: vumilia.

Mimi ni muuguzi wa jamii, na kazi yangu hunitembeza nyumba hadi nyumba. Neno hilo vumilia nalisikia kuliko jina langu, na silipendi. Linafunika mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Kuna maumivu yanayoweza kupunguzwa kwa vidonge vya bei ndogo, joto na mtu wa kukaa nawe. Na kuna maumivu yanayotaka hospitali leo hii, si kesho. Ili uweze kuyatenganisha, kwanza ujue maumivu yanakufikia kwa njia gani.

Mwilini mwako mna mishipa ya fahamu. Hii si mishipa ya damu. Ni kama nyuzi nyembamba ambazo kazi yake ni kupeleka habari. Ukikanyaga mwiba, habari hukimbia kutoka kwenye wayo hadi uti wa mgongo, kisha hupanda hadi ubongoni. Mpaka ubongo uipokee ile habari na kuipima, hujasikia maumivu. Na ubongo unapopima hauangalii mwiba peke yake. Huangalia pia kama umelala vizuri, kama una hofu, kama uko peke yako, kama uliwahi kuumia vibaya mahali hapo hapo. Ndiyo maana mwiba ule ule humuuma mtu mmoja leo kidogo na kesho sana.

Hapa naomba tuelewane. Sijasema kwamba maumivu ni ya kujitungia. Maumivu yote hupitia ubongoni, hata ya mfupa uliovunjika vipande viwili. Mtu akikwambia inauma, inauma.

Njiani kuna lango. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo habari ya maumivu huweza kupunguzwa au kuachiwa ipite. Baadhi ya maelezo yao yamerekebishwa baadaye, lakini wazo la lango limebaki, na wewe mama ulikuwa ukilitumia bila kwenda chuo. Mtoto akijigonga kwenye kizingiti unafanya nini? Unamsugua, "pole, pole mwanangu". Kule kusugua hupeleka habari ya mguso, na habari ya mguso huizibia njia habari ya maumivu. Na ile "pole" nayo inafanya kazi yake, kama utakavyosikia.

Sasa homoni. Homoni ni kemikali zinazotengenezwa na tezi za mwili na kusafiri katika damu. Mishipa ya fahamu ni kama kupiga simu: habari inafika papo hapo. Homoni ni kama matatu: inachukua muda kidogo, na inapita stegi nyingi kabla ya kufika. Maumivu mengi ya mwanamke hutokea pale simu na matatu zinapokutana.

Tuanze na hedhi. Kila mwezi homoni mbili, estrojeni na projesteroni, hupanda kisha hushuka. Zikishuka, utando wa ndani ya mji wa mimba huanza kubanduka, na unapobanduka hutoa kemikali iitwayo prostaglandini. Hii ndiyo inayoukaza mji wa mimba ili damu itoke. Ikiwa nyingi, mji wa mimba hukaza kwa nguvu mpaka misuli yake yenyewe inapungukiwa na damu, na mishipa ya fahamu ya hapo inakuwa mikali kuliko kawaida. Prostaglandini hiyo hiyo huweza kuyasumbua matumbo na mwili mzima. Kwa hiyo binti yako akiwa na hedhi, akaharisha, akasikia kichefuchefu na kichwa kikamgonga siku ya kwanza, si uvivu wa kwenda shule. Ni kemikali.

Na kwa kuwa ni kemikali, iko dawa inayoizuia isitengenezwe. Ibuprofeni, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Brufen, hufanya kazi hiyo. Lakini sikiliza siri yake: hufanya kazi vizuri ikimezwa mapema, mara tu tumbo linapoanza kuuma au damu inapoanza kuonekana. Ukimngojea mtoto mpaka ajiviringishe sakafuni, prostaglandini imekwisha kutengenezwa na dawa inakimbizana nayo. Mwulize muuguzi au mfamasia kipimo cha umri wake, na ameze akiwa amekula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayoamshwa na dawa za namna hiyo asiitumie, na mjamzito pia asiitumie bila kuambiwa na daktari. Yeye atumie parasetamoli. Kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kwa wakati, na visizidi vinane kwa saa 24. Zile dawa za dukani zenye aspirini si nzuri kwa hedhi yenye damu nyingi, wala asipewe mtoto aliye chini ya miaka 16. Na jambo jingine la hapa kwetu: ukiwa na homa wakati dengue imeingia mjini, kama ilivyotokea Mombasa mwaka 2017 na tena 2021, kaa mbali na Brufen na aspirini mpaka upimwe, kwa sababu zinaweza kuongeza kutokwa na damu.

Pamoja na kidonge, joto. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye leso, iwekwe chini ya kitovu. Joto hulegeza misuli na pia hupeleka habari yake kwenye lile lango. Kutembeatembea husaidia kuliko kulala umejikunja siku nzima, ingawa najua siku ya kwanza hilo ni rahisi kulisema.

Kenya iliondoa kodi ya pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 sheria ikaagiza wasichana wapewe pedi shuleni. Ni jambo zuri. Lakini pedi haitulizi tumbo. Kama mwalimu yuko hapa ananisikia, namwomba amruhusu msichana kumeza dawa yake saa nne bila kumhoji mbele ya wavulana.

Sasa kuna maumivu ya hedhi ambayo hayatulii kwa hayo yote. Yanazidi mwaka hadi mwaka, yanaanza siku kadhaa kabla ya damu, yanauma wakati wa kwenda haja au wakati wa tendo la ndoa, na dawa haigusi. Hapo huenda ni ugonjwa uitwao endometriosisi: utando unaofanana na ule wa mji wa mimba unaota nje yake, na kila homoni zinapopanda na kushuka nao unafura na kuumiza mishipa ya fahamu iliyo karibu. Unakadiriwa kumpata karibu mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Wengi wenu mnamkumbuka Njambi Koikai, mtangazaji na mpenda rege, aliyefariki tarehe 3 Juni 2024. Maumivu yake yalimwanza tangu alipovunja ungo, ugonjwa ukafika hadi mapafuni, akafanyiwa upasuaji mara nyingi, hapa nchini na Marekani. Miaka mingi ilipita kabla ya ugonjwa wenyewe kutambuliwa. Aliutumia umaarufu wake kuwaambia wasichana wa Kenya kwamba maumivu yanayokuangusha si ya kawaida. Kwa hiyo binti akikosa shule kila mwezi, usimpeleke kwa jirani kupata dawa ya chango. Mpeleke hospitali, na andika kwenye daftari siku anazoumwa, daktari atakuuliza.

Tuingie kwenye uchungu wa kuzaa. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hapa hawakukosea. Homoni inayoendesha uchungu inaitwa oksitosini. Hutoka ubongoni, hukaza mji wa mimba, na kichwa cha mtoto kinaposukuma mlango wa uzazi, mishipa ya fahamu ya hapo hupeleka habari ubongoni: ongeza. Ubongo huongeza. Ndiyo maana uchungu huja kwa mawimbi na mawimbi hukaribiana. Wakati huo huo, ikiwa mama ametulia, ubongo hutoa pia endofini, dawa ya maumivu ya mwili wenyewe. Hapo ndipo unamwona mama baina ya wimbi na wimbi anasinzia, macho yamelegea, kama yuko mbali.

Halafu mtu anaingia anamfokea. "Wewe! Si ulijua utakuja kuzaa?" Mama anashtuka, moyo unakwenda mbio. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, homoni ya hofu, ile ile inayokukimbiza ukiona nyoka. Uchungu ukiwa bado mchanga, adrenalini nyingi huweza kuudhoofisha na kuurefusha. Misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi, ubongo unaona hatari kila upande na kila wimbi linauma zaidi ya lile lililopita. Kwa hiyo kumfokea mzazi si ukosefu wa adabu peke yake. Ni kumwongezea maumivu, na nawaambia hivyo hata wenzangu tunaovaa sare.

Kinyume chake pia ni kweli, na kimepimwa. Mapitio ya tafiti 26 yaliyotolewa mwaka 2017, yenye wanawake zaidi ya 15,000 kutoka nchi 17, yalionyesha kwamba mama anayekuwa na mtu wa kumtuliza tangu mwanzo hadi mwisho huwa na uchungu mfupi zaidi, huhitaji dawa za maumivu kidogo zaidi, na huelekea zaidi kuzaa kwa njia ya kawaida. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama awe na mwenzi anayemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua. Bibi zetu wa pwani wangeshangaa kwamba jambo hilo lilihitaji utafiti. Msichana alipovunja ungo alipewa somo wake, mwanamke mzima wa kumfunza na kumshika mkono, na siku ya uchungu hakuachwa peke yake chumbani. Mengine ya zamani tuyaache, lakini hili tulirudishe.

Basi ukiwa kliniki ya wajawazito, uliza mapema: je, hapa naruhusiwa kuingia na mwenzangu? Wodi nyingine ni finyu na vitanda vinatenganishwa kwa pazia tu, kwa hiyo huenda wakataka awe mwanamke. Mchague anayejua kunyamaza. Shangazi anayesimulia mama aliyefariki kwenye uzazi, mwache nyumbani apike uji. Mahali penye dawa ya kutuliza uchungu, kuiomba si aibu wala si ukosefu wa imani.

Onyo moja tu hapa, nalo ni zito. Usinywe dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu, na usikubali kuchomwa sindano ya kuongeza uchungu nyumbani. Sindano ile ni oksitosini yenyewe. Hospitalini hutolewa kwa kipimo huku mama na mtoto wakiangaliwa. Ikizidi, mji wa mimba huweza kupasuka.

Mtoto amezaliwa, na sasa mzazi ananiambia: "Nesi, kila nikimpa titi tumbo linakatika." Dada, hilo ndilo chango la mzazi, na sasa utajua linatoka wapi. Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupiga simu ubongoni. Ubongo hutoa oksitosini, na homoni hiyo moja hufanya kazi mbili: inasukuma maziwa yashuke, na inaukaza mji wa mimba urudi kuwa mdogo. Kule kukaza ndiko kunakofunga mishipa ya damu mahali kondo lilipokuwa. Inauma, lakini inakukinga usitokwe na damu nyingi. Mwenye mtoto wa kwanza mara nyingi halisikii sana. Mwenye wa tatu au wa nne analisikia vizuri. Kojoa kabla ya kunyonyesha, maana kibofu kilichojaa huzidisha. Parasetamoli inaruhusiwa, na hata ibuprofeni inaruhusiwa kwa anayenyonyesha kama hana yale matatizo niliyoyataja. Mtoto usimnyime titi. Maumivu haya kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache.

Najua utaniuliza kuhusu kukandwa. Joto la maji na mkono wa mkandaji aliye mpole vinatuliza, sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni maji yanayochemka. Nimeona ngozi zilizobabuka katika arubaini, na kuungua si tiba. Maji yawe ya moto ambayo mkandaji mwenyewe anaweza kuweka kiwiko chake ndani, yasirushwe kwenye mshono, na aliyepasuliwa asikandwe wala kubinywa tumbo.

Mtoto naye anasikia maumivu. Hadi miaka ya 1980 madaktari wengi duniani waliamini mtoto mchanga hasikii vizuri. Walikosea. Ukimpeleka kwa sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, usimlaze mezani peke yake. Mpakate, ngozi yake kwenye ngozi yako, na mpe titi kabla kidogo au wakati wa kuchomwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hivyo mwaka 2015. Muuguzi akikuharakisha, mwambie kwa upole kwamba unamtayarisha.

Wako pia wanaoumwa mgongo, nyonga au kichwa miezi na miaka, na kila kipimo kinasema hakuna kitu. Mfikirie mlinzi wa usiku ambaye duka lake liliwahi kuvunjwa. Tangu siku hiyo hata paka akipita anapiga filimbi. Mishipa ya fahamu nayo huweza kuwa hivyo: chanzo kimepona, filimbi inaendelea. Kukosa usingizi na mawazo mengi humfanya mlinzi huyo awe mkali zaidi, na nani anayekosa usingizi kama mama mwenye mtoto mchanga na mgonjwa wa kumwangalia? Mtu wa namna hii anahitaji usingizi, mazoezi ya polepole, mtu wa kumsikiliza, na daktari asiyemcheka.

Sasa fungua masikio, kwa sababu haya ndiyo maumivu yasiyongojea. Ukiwa umekosa hedhi, ukapatwa na maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au kuzimia, huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba. Pengine utasikia bega ndilo linalouma. Usilichue na mafuta. Damu iliyovuja tumboni huamsha mshipa wa fahamu unaotumia njia moja na ule wa begani, na ubongo hudhani shida iko begani. Mjamzito, au mzazi wa karibuni, anayeumwa sana na kichwa, anayeona ukungu au vimulimuli, au anayeumwa chini ya mbavu, aende apimwe shinikizo la damu saa hiyo hiyo. Baada ya kujifungua, pedi ikilowa yote ndani ya saa moja au chini ya hapo, au ukiwa na homa pamoja na tumbo kuuma na uchafu wenye harufu mbaya, hilo si chango tena. Usianze na mkandaji. Anza na hospitali iliyo karibu, iwe ya Likoni au Port Reitz, wala usipoteze muda kwenye foleni ya feri ukitaka kufika Makadara moja kwa moja. Wakiona unahitaji Coast General watakuvusha wao.

Baba mmoja wa Chaani alituma ujumbe akauliza: yeye ni mwanamume, hajafunzwa na somo, mkewe akishikwa na uchungu afanye nini? Baba, asante kwa kuuliza. Nauli ya usiku iwekwe kando tangu mwezi wa nane, na namba ya mwenye gari iwe kwenye simu yako na yake. Wimbi likija, weka kiganja chako chini kabisa ya mgongo wake, juu kidogo ya makalio, ubonyeze bila kuondoa mpaka lipite. Mpe maji kidogo kidogo. Mkumbushe kutoa pumzi polepole, nawe itoe pamoja naye. Usimwulize kila dakika kama bado. Na mkifika mlangoni wakakwambia ungoje nje, ngoja hapo hapo, na umwambie mkeo kwamba utakuwa hapo.